Mashindano ya roboti Pwani: kinachotukwamisha si roboti

Kila yanapotajwa mashindano ya roboti kwa wanafunzi wetu wa Pwani, swali la kwanza huwa ni vifaa. Ni swali la haki, maana seti moja huuzwa makumi ya maelfu ya shilingi. Lakini shule ikishapata seti, watoto wakashindanie wapi? Kuwapeleka kumi na walimu wawili hadi Nairobi, kuwalisha na kuwalaza, ni gharama ambayo wazazi wengi hawaiwezi. Kwa hivyo seti hurudi kabatini.

Mashindano yenyewe tunaweza kuyaandaa hapa, ila ni lazima tujue kazi iko wapi.

Tuchukue mfano wa FIRST LEGO League, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na shirika la FIRST pamoja na kampuni ya LEGO. Roboti ya timu huwekwa juu ya meza yenye mkeka uliochorwa, na kwa dakika mbili na nusu hujiendesha yenyewe, ikisukuma, ikibeba na kuinua vitu ili kupata alama. Hakuna rimoti. Kila timu hupewa raundi tatu, na alama zinazohesabiwa ni za raundi yake bora. Mbali na meza, watoto huingia chumbani mbele ya majaji kueleza walivyoiunda roboti, utafiti walioufanya na jinsi walivyoshirikiana.

Meza si tatizo. Upana wake kwa ndani ni milimita 1143 na urefu 2362, na ukingo wa mbao pembeni. Seremala yeyote wa Kongowea akipewa vipimo hivyo ataimaliza. Jambo la kumsisitizia ni kuwa iwe sawasawa kabisa, maana mkeka ukifanya kunyanzi roboti hupinda njia.

Kazi ngumu ni saa. Tuseme zimekuja timu 16. Raundi tatu kila moja ni zamu 48, na zikicheza timu mbili kwa pamoja kwenye meza mbili, ni michezo 24. Mchezo ni dakika mbili na nusu, lakini kuna kuhesabu alama, kusikiliza malalamiko na kupanga vitu upya, kwa hivyo usihesabu chini ya dakika nane. Hapo tayari umekula saa tatu na dakika 12. Upande wa majaji, timu moja ikikaa nusu saa, na majaji wakapata robo saa ya kuandika alama, jopo moja litahitaji saa 12 kuzimaliza timu zote! Yakiwa majopo manne ya majaji wawili wawili, ni saa tatu. Kisha ratiba ipangwe ili timu isiitwe mezani na chumbani kwa wakati mmoja. Ongeza marefa, washika saa, waandika alama na watu wa kuzikusanya timu milangoni, utaona kuwa unahitaji watu kama 20 wa kujitolea, na wote wawe wamefundishwa kabla ya siku yenyewe. Refa anayesoma kanuni asubuhi ile ile ataleta ugomvi.

Nilipata kushika saa katika mashindano madogo ya shule nne huku kwetu. Timu moja ya wasichana ilikuwa imefanya mazoezi wiki nzima katika darasa lenye mwanga hafifu. Siku ya siku, meza yao tuliiweka kando ya dirisha. Ilipofika saa nne jua likapiga juu ya mkeka. Roboti yao ilifuata mstari mweusi kwa kihisi cha rangi, kifaa ambacho humulika chini na kupima mwanga unaorudi. Jua lilipoongeza mwanga wake, mstari ukawa hausomeki, na roboti ikabaki kuzunguka pale pale. Walitoka wanalia. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopanga ukumbi, lakini alama zilizokatika zilikuwa zao. Pazia zito lingetosha, au dakika chache za kupima kihisi pale mezani kabla ya raundi ya kwanza.

Siku hiyo hiyo stima ilipotea kwa muda. Roboti hutumia betri, kwa hivyo michezo iliendelea, lakini waliotegemea kuchaji mchana walikwama, na kompyuta ya alama ikazima. Tangu hapo mimi nasema alama ziandikwe kwanza kwenye karatasi, refa na mtoto watie sahihi, ndipo ziingizwe kwenye kompyuta. Na soketi zihesabiwe kabla ya kualika timu.

Halafu yako mambo ambayo miongozo ya kutoka ng'ambo haiyasemi. Jumamosi asubuhi watoto wetu wengi wako madrasa, kwa hivyo maalim waombwe ruhusa mapema, wasisikie habari kwa watoto. Adhuhuri iachiwe nafasi yake kwenye ratiba, pamoja na maji ya kutawadha karibu. Timu za Kwale zinazopita kivuko cha Likoni zisipangiwe raundi ya kwanza. Za Lamu, ambazo huvuka kwa mashua hadi Mokowe ndipo zipande basi, lazima zifike jana yake, na mtu awe ameshatafuta pa kuzilaza, wasichana mbali na wavulana mbali.

Tarehe nayo si ya kuokota tu. Novemba shule ziko kwenye mitihani ya kitaifa, na Desemba watoto wametawanyika. Muhula wa kwanza ndio unaofaa, ila Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza kiasi cha tarehe 8 Februari. Kati ya kufunguliwa shule na siku hiyo, Jumamosi hazizidi tano, na ya kwanza hakuna timu itakayokuwa tayari.