Pete ya Shingoni na Jina la Kuazima

Wazazi wenzetu kadhaa wa hapa South Beach wametujia kwa nyakati mbalimbali na swali lile lile. Ni kitu gani hiki ambacho vijana wao wa kiume wanakivaa shingoni, pete iliyofungwa kwa ugwe wa ngozi, yenye maandishi ambayo si Kiarabu wala si Kiingereza? Wengine walikwisha kuingiwa na hofu. Kwetu sisi tuliokulia Pwani, kitu chenye maandishi yasiyosomeka kikitundikwa shingoni huwa ni hirizi, na hirizi huulizwa imetoka kwa nani na imefungwa kwa ajili ya jambo gani. Tumeona ni vyema tuwajibu wote kwa pamoja katika kurasa hizi.

Si hirizi. Ni nakala ya pete ya Nathan Drake, shujaa wa michezo ya video iitwayo Uncharted, ambayo huchezwa katika mashine za PlayStation. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili mwaka 2009, wa tatu mwaka 2011 na wa nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikatoka filamu yake ya sinema. Mabwana na mabibi ambao hawajapata kuitazama na wafikirie hadithi ndefu ya wasaka hazina, ambamo mchezaji mwenyewe ndiye anayemwendesha shujaa: akipanda majabali, akifumbua mafumbo ya kale na, kwa bahati mbaya, akiwaua watu kwa mamia kabla ya kuufikia mwisho. Kwa idadi ya maiti hatuisifu. Lakini hadithi yenyewe imetungwa kwa akili, na ile pete ndiyo moyo wake.

Mwanzoni Nathan anaieleza pete hiyo kuwa ni urithi wa mababu. Anadai kwamba yeye ni wa kizazi cha Sir Francis Drake, nahodha wa Kiingereza wa karne ya 16. Juu yake yamechongwa maneno ya Kilatini, Sic Parvis Magna, yaani makubwa huanzia kwenye madogo, na pamoja nayo namba za mahali fulani baharini karibu na Panama. Kwa kuzifuata namba hizo, Nathan analiopoa jeneza la Drake kutoka chini ya bahari. Ndani yake hamna mifupa, mna daftari tu. Ndivyo pete inavyokuwa ufunguo wa hadithi nzima: aliye nayo ana haki ya kufungua, na asiye nayo hana.

Ni katika mchezo wa tatu ndipo tunapoelezwa pete ilikotoka. Hakurithishwa na mtu yeyote. Aliitwaa kutoka kwenye jumba la makumbusho la Cartagena, Colombia, naye ni mvulana asiye na makao: mama amekufa, baba amemkabidhi mwanawe kwa serikali na kwenda zake. Huko ndiko alikokutana na Victor Sullivan, mtu mzima mwenye ujanja mwingi, ambaye alimwokoa na kumlea kama baba. Na mchezo wa nne unaongeza la mwisho, kwamba hata jina la Drake si lake. Yeye na kaka yake walizaliwa kwa jina la Morgan. Marehemu mama yao alikuwa mtaalamu wa historia aliyeamini kwamba Drake aliacha kizazi, na wale ndugu wawili, walipokimbia na kuanza maisha mapya, wakajipa jina hilo.

Hapa ndipo tulipoanza kuelewa kwa nini watoto wetu wanaipenda pete hii kuliko bunduki zote za mchezo huo. Pete ya Nathan Drake ni nasaba ya mtu asiye na nasaba. Yatima amejichagulia babu, na babu huyo akamtundika kifuani ili akiulizwa wewe ni nani awe na la kuonyesha. Sasa tuwatazame vijana wa mtaa wetu. Wengi wamezaliwa hapa katika majengo ya ghorofa ya South Beach na Point, au waliletwa wakiwa mgongoni mwa mama zao kutoka Tanga, Mombasa, Bujumbura na Uvira. Kaburi la babu hawalijui. Shuleni majina yao hutamkwa kombo, na katika foleni za karatasi za ukimbizi jina la ukoo huandikwa kwa namna tatu tofauti katika mwaka mmoja. Kwa kijana wa hali hiyo, pete isemayo kwamba makubwa huanzia kwenye madogo si pambo la upuuzi. Wako watakaosema kwamba sisi nasi tuna haba na haba hujaza kibaba. La hasha, hayo ni mengine. Methali yetu inahimiza subira ya kujaza chombo. Maneno ya Drake yanahusu mtu wa chini anayepanda juu, na kwa hakika Drake wa kweli alikuwa mtoto wa mkulima wa Devon aliyegeuka kuwa mhubiri.

Mchezo wa tatu una jambo jingine litakalowavutia wasomaji wa gazeti hili. Pete inawaongoza wasaka hazina hadi Yemen na jangwa la Rub al-Khali, wakiutafuta mji wa Iram wenye nguzo. Jina hilo watoto wetu wanalijua kutoka Suratul Fajr, na kijana mmoja alitueleza kwa furaha kwamba ile sura aliyoihifadhi madrasa sasa ameicheza. Watungaji, hata hivyo, wamechanganya. Iram ni habari ya kina Adi, watu wa Nabii Hud. Mchezo umemwingiza Nabii Sulaiman, na majini aliowafungia ndani ya chombo cha shaba na kuwatupa huko, mambo ambayo yametoka katika ngano za kale na si katika sura hiyo. Mzazi mwenye saa moja ya nafasi anaweza kuketi na mwanawe na kuyatenganisha hayo mawili. Ni somo zuri kuliko mengi tuliyopata kufundisha darasani.

Na katika mchezo huo huo mna tendo dogo ambalo vijana hulipita haraka. Nathan amekwisha kumwoa Elena, mwandishi wa habari, lakini wametengana. Wanapokutana Yemen anaona kwamba yeye bado anaivaa pete yake ya ndoa, ilhali Nathan ameivua ya kwake na kubaki na ile ya shingoni. Kuelekea mwisho, pete ya Drake inapotea jangwani. Baada ya hapo Sullivan anamkabidhi pete ya ndoa ambayo alikuwa amemtunzia, naye anaitia kidoleni mbele ya mkewe. Kwetu, ndoa hufungwa kwa mahari na mashahidi, wala pete ya bwana harusi si desturi yetu ya asili. Hata hivyo maana inaeleweka kwa lugha zote: amepoteza babu wa kujidai, amepata watu wa nyumbani kwake. Ni mtunzi mwenye hekima aliyelipanga hilo, nasi hatusiti kulisema.

Lakini tukiisha kumsifu mtunzi, inatubidi tuwaambie watoto ni jina la nani wanalolivaa.

Francis Drake wa kweli alizaliwa karibu na mwaka 1540 na kufa kwa ugonjwa wa kuhara damu tarehe 28 Januari 1596 karibu na Portobelo, Panama. Alizikwa baharini katika jeneza la risasi ambalo halijapatikana hadi leo. Maneno ya Kilatini ni yake kweli, yamo katika nembo yake. Alioa mara mbili na hakuacha mtoto. Aliizunguka dunia kati ya mwaka 1577 na 1580, na ni kwa safari hiyo anakumbukwa mashuleni. Yasiyosemwa sana ni kwamba ujana wake wa ubaharia ulipita katika meli za jamaa yake John Hawkins, aliyekuwa mmoja wa Waingereza wa mwanzo kabisa kufanya biashara ya watumwa. Katika safari ya mwaka 1567 hadi 1569, ambamo Drake alikuwamo, waliwateka na kuwanunua Waafrika kwa mamia katika pwani ya magharibi ya bara letu na kuwauza ng'ambo. Hawkins alikuwa amekwisha kupewa nembo yake mwaka 1565, na juu ya nembo ile ilichorwa sura ya Mwafrika aliyefungwa kamba. Hayo ndiyo madogo ambayo makubwa yalianzia kwake.

Lipo na pambo la kweli la Drake, ambalo kwa maoni yetu lina maana nzito kuliko pete ya kubuni. Ni kidani cha dhahabu ambacho, kwa mapokeo, alitunukiwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza katika miaka ya 1580, na katika picha iliyochorwa mwaka 1591 Drake anaonekana amekining'iniza kiunoni. Ndani yake mna picha ndogo ya malkia. Na nje, pale ambapo kila mtu angeona kwanza? Pamechongwa juu ya jiwe uso wa mwanamume Mwafrika, na nyuma yake uso wa mwanamke wa Kizungu. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu maana yake. Wako wanaokumbuka kwamba Drake, baada ya zile safari za utumwa, alishirikiana huko Panama mwaka 1572 na 1573 na Waafrika waliotoroka utumwani dhidi ya Wahispania, na kwamba mmoja wao, Diego, alisafiri naye miaka mingi. Mtu yule yule, basi, aliwauza Waafrika na baadaye akawaomba msaada. Kijana wa miaka 15 anaweza kuyabeba yote mawili kichwani kwa pamoja, akiambiwa bila kufokewa.

La mwisho linaihusu bahari hii tunayoiona madirishani. Mchezo wa nne unamleta Nathan Madagaska kuitafuta hazina ya Henry Every, haramia wa Kiingereza ambaye mchezo unamwita Avery. Hazina hiyo ilitoka wapi? Mwezi Septemba 1695, Every aliivamia meli iitwayo Ganj-i-Sawai, mali ya Aurangzeb, mfalme wa Wamogoli wa India. Meli ilikuwa ikirejea Surat kutoka Bahari ya Sham, na ndani yake, pamoja na dhahabu na fedha, walikuwamo mahujaji wanaotoka Makka. Wanaume waliteswa ili waonyeshe mali ilikofichwa na wanawake walinajisiwa. Wako waliojitupa baharini. Every mwenyewe hakukamatwa kamwe. Katika mchezo, meli hii ni chimbuko la utajiri unaometameta pangoni, na mahujaji wake hawana sura. Sisi tulio na wazee wanaopanga kwenda Hija kila mwaka hatuwezi kuipita habari hiyo kama inavyopitwa na mchezaji aliyeshika kidude cha kuchezea mkononi.

Upande wa pili wa mlango wa bandari, mkabala na Point, umesimama mlima wa Bluff. Kuanzia mwaka 1873 waliletwa hapa Durban watu waliokombolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa asili ya Msumbiji. Waislamu miongoni mwao waliishi huko Bluff, mahali paitwapo Kings Rest, hadi sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji mzima uliwaita Wazanzibari, nao wakalichukua jina hilo na kulitunza pamoja na dini yao. Hao nao walijipa nasaba katika nchi ya ugenini, wala hawakuhitaji jina la nahodha.

Sasa tuwajibu wazazi waliouliza kama pete yenyewe inafaa kuvaliwa. Sisi ni walimu wa shule, si mashekhe, na mwenye shaka na akamwone imamu wake. Linalojulikana na wote ni kwamba dhahabu haikuruhusiwa kwa wanaume na fedha imeruhusiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijitengenezea pete ya fedha yenye maandishi, kwa kuwa aliambiwa wafalme hawazisomi barua zisizo na muhuri. Baada yake ilivaliwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, ambaye mkononi mwake ilidondoka katika kisima cha Aris, Madina. Walikitafutia siku 3 kisima kile wasiipate. Kijana anayependa hadithi ya pete yenye maandishi iliyopotea hana haja ya kuanzia Cartagena.

Kwa hiyo hatukushauri kumnyang'anya mtoto pete yake, sembuse kuitupa baharini. Mwulizeni Every aliwafanya nini mahujaji, na kama hajui, mwambieni. Baba mmoja wa jengo la jirani alifanya hivyo mwezi uliopita, kisha akampeleka mwanawe kwa sonara wa mtaa wa zamani wa Grey, ambao sasa unaitwa Dr Yusuf Dadoo, wakachagua pete ya fedha isiyo na kito. Ndani yake limechongwa jina la babu mzaa baba na jina la kijiji alikozikwa, karibu na Pangani. Kijana anaivaa kidoleni, na ile nyingine bado iko shingoni.