Mjusi Aliyeingia Mara Nane

Mjusi aliye ukutani hana pasipoti, wala hakuna amwulizaye atokako. Hata hivyo wataalamu wa elimu ya urithi wamepata njia ya kuitambua asili yake, nayo yafaa ijulikane hasa na ndugu zetu walindao mipaka na bandari.

Tumtwae mjusi wa kahawia wa Kuba, ambaye wataalamu humwita Anolis sagrei. Mwishoni mwa karne ya 19 alionekana katika visiwa vya kusini mwa Florida, nchini Marekani, na katika karne ya 20 akaenea karibu jimbo zima. Ni rahisi kudhani kwamba wachache walijificha katika shehena moja, wakazaana, basi.

Mwaka 2004 Jason Kolbe na wenzake walitangaza matokeo tofauti katika jarida la Nature. Waliwakusanya mijusi wa pande mbalimbali za Kuba na wa Florida, wakalinganisha ile sehemu ya urithi ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Sehemu hiyo haichanganyiki na ya baba. Hubadilika kwa makosa madogo tu ya kunakiliwa, yanayolimbikizana kizazi hata kizazi. Mijusi wa kila upande wa Kuba wametengana na wenzao kwa muda mrefu mno, hivyo kila upande una alama yake, mithili ya chapa ya ukoo kwenye ng'ombe.

Alama zilizoonekana Florida zilikuwa za pande nyingi. Mijusi hao walikuwa wameingia si mara moja, bali angalau mara nane! Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Wageni wachache kwa kawaida huwa na urithi finyu, na mtu angetumaini kwamba udhaifu huo utawamaliza. Hawa, ambao kwao Kuba hawakupata kukutana, walikutana ugenini wakazaana, hata kundi moja la Florida likawa na urithi wa aina nyingi kuliko kundi moja la kwao. Kisha Florida ikageuka kituo cha safari: mijusi wa Hawaii, Taiwan na Grenada walitokea huko.

Aliyetaabika ni mjusi wa kijani, mwenyeji wa Florida. Utafiti wa visiwani uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba amepanda juu zaidi mitini kumkimbia mgeni, na kwa vizazi vipatavyo 20 nyayo zake zimepanuka ili zishike matawi vyema.

Jike wa kahawia hutaga yai moja moja, akalifukia katika udongo wenye unyevu. Chungu cha maua humfaa sana. Kwa hiyo mkaguzi akipokea mche wa mapambo kutoka Florida akatazama majani peke yake, ametazama nusu tu ya mzigo.