Mtazame Mtoto Kabla ya Kumhukumu

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo ni la kweli, wala sikusudii kulipinga. Lakini, ndugu msomaji, mtu akimkunja samaki bila kumtazama kwanza aweza kumvunja. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyomwadhibu mtoto wangu kwa kosa ambalo hakulitenda, na jinsi nilivyofumbuliwa macho baadaye.

Nyumbani kwangu tulikuwa na vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, na kila jioni watoto wangu wawili walinywea maziwa humo. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka tisa, na mdogo miaka minne na nusu. Jioni moja kikombe kimoja hakikuonekana. Mama yao akapima maziwa kwa kile kilichobaki, akayamimina ya mkubwa katika gilasi ndefu na nyembamba, kisha akampimia mdogo kwa kikombe kile kile. Mdogo alipoona jinsi maziwa ya nduguye yalivyopanda juu katika gilasi, akaanza kulia: “Yeye kapewa mengi!” Nikamweleza mara mbili ya kuwa ni sawasawa. Hakukubali. Nikakasirika, nikamwita mchoyo na mbishi, nikampiga kofi. Alinyamaza, lakini hakuyanywa maziwa yake. Yalikaa mezani mpaka asubuhi.

MTU ALIYEPENDA MAKOSA

Miezi michache baadaye nilisoma habari za Bwana Jean Piaget, mtaalamu aliyezaliwa mwaka 1896 katika mji wa Neuchâtel, nchi ya Uswisi, akafariki mwaka 1980. Tangu ujana wake Bwana huyu alichunguza konokono, na kwa kazi hiyo alijizoeza kukitazama kiumbe kwa subira na kuandika alichokiona.

Karibu na mwaka 1920 alikuwa Paris, akiwapa watoto wa shule maswali ya kupima akili. Kazi yake ilikuwa kuyahesabu majibu yaliyo sawa. Lakini yeye alivutwa zaidi na majibu yasiyo sawa, kwa maana aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja. Mtoto mmoja akikosea, twaweza kusema hakusikiliza. Lakini watoto wengi wasiojuana wakikosea kwa njia ile ile, hapana budi iko sababu. Piaget akatambua kuwa mtoto si mtu mzima aliyepungukiwa na maarifa tu. Mtoto ana namna yake mwenyewe ya kufikiri, nayo hubadilika kwa hatua kadiri anavyokua.

Alipopata watoto wake mwenyewe, yaani Jacqueline mwaka 1925, Lucienne mwaka 1927 na Laurent mwaka 1931, yeye na mkewe Valentine waliandika kila walichokiona. Laurent alipokuwa na umri wa miezi kumi hivi, alishika kitu, akanyosha mkono, akakiachia kianguke. Akarudia tena na tena, na kila mara alibadili mahali pa kukiachia. Ni mzazi gani miongoni mwetu hajawahi kuokota kijiko sakafuni mara kumi, akamwita mtoto mtundu? Piaget hakuona utundu. Aliona mtafiti mdogo anayejaribu kujua vitu huangukaje.

MAZIWA NA GILASI

Ndugu msomaji, fikiri jinsi nilivyoshtuka nilipofika kwenye habari ya gilasi. Piaget na wenzake waliweka mbele ya mtoto gilasi mbili zilizo sawa zenye vinywaji sawa. Mtoto alikubali kuwa ni sawa. Kisha kinywaji cha gilasi moja kikamiminwa, mtoto akitazama, katika gilasi ndefu na nyembamba. Watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba walisema kwamba sasa ile ndefu ina kingi zaidi. Sababu yake ni kwamba mtoto wa umri huo hushika jambo moja tu, yaani urefu. Bado hawezi kuupima urefu pamoja na upana, wala kuyarudisha maziwa kwa mawazo katika chombo cha kwanza.

Nilijaribu jambo hilo nyumbani. Kikombe kilichopotea kilikuwa kimekwisha kuonekana. Nilijaza vikombe vyote viwili, nikamwuliza mwanangu mdogo. “Sawasawa,” akasema. Nikamimina kimoja katika gilasi. “Hii ni mengi,” akasema, bila kusita. Nikayarudisha katika kikombe. “Sawasawa,” akasema tena, wala hakuona ajabu yoyote. Ndugu yake mkubwa akacheka, lakini mimi sikuweza kucheka. Siku ile ya kofi mtoto hakuwa mchoyo wala hakuwa mbishi. Alisema kweli kama macho yake yalivyomwonyesha, nami nilimpiga kwa kusema kweli. Nilimpakata, nikamwambia kuwa baba alikosea.

JE, ELIMU HII YATUHUSU?

Huenda msomaji mmoja atasema, “Hayo ni mambo ya watoto wa Ulaya.” Swali hilo ni la haki, nalo limekwisha kuchunguzwa hapa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1954 na 1955 Bibi Mary Ainsworth alifanya kazi Uganda. Aliwatembelea akina mama ishirini na sita wa vijiji vilivyo karibu na Kampala, akarudi kila baada ya majuma mawili hivi kwa muda wa miezi mingi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto mchanga hutambaa mbali na mama yake kuchungulia huku na huku, kisha humrudia, kama askari arudivyo kambini. Mtoto huyo akilia mama anapoondoka, si kwamba amedekezwa. Analia kwa kuwa anamjua aliye ngome yake. Tena Bibi Ainsworth aligundua jambo moja lililo kubwa. Akina mama walioweza kueleza kwa urefu tabia za watoto wao, yaani waliowatazama kweli kweli, ndio ambao watoto wao walikuwa na utulivu zaidi.

Hapa Kenya nako, Bwana Charles Super aliwachunguza watoto wa Kipsigis mahali paitwapo Kokwet, akatoa taarifa yake mwaka 1976. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kadiri ya mwezi mmoja. Watu wengine walidhani ni asili ya damu. Bwana Super aliona sababu nyingine: wazazi waliwafundisha kwa makusudi. Walimketisha mtoto katika shimo dogo ardhini, au kumwegemeza kwa mablanketi, wakamsimamisha na kumzoeza kupiga hatua. Lakini katika kutambaa, jambo wasilolifundisha, watoto hao hawakutangulia. Basi hatua za ukuaji ni za watoto wote, lakini mwendo wake hutegemea pia malezi.

Hata Piaget mwenyewe amesahihishwa na waliomfuata. Mwaka 1974 Bwana James McGarrigle na Bibi Margaret Donaldson wa Scotland walionyesha kwamba watoto wengi zaidi hujibu vema kama vitu vilivyopangwa vikivurugwa na mwanasesere mtundu badala ya mtu mzima. Mkubwa akibadili kitu kisha akauliza swali lile lile mara ya pili, mtoto hudhani anatakiwa kutoa jibu jingine. Nasi tuangalie, basi, jinsi tunavyouliza. Swali la ukali halileti jibu la kweli.

NAMNA YA KUMTAZAMA MTOTO

Kazi hii haihitaji shahada wala fedha. Karani na mkulima waweza kuifanya kwa daftari na kalamu.

Kwanza, andika tarehe na umri wa mtoto, kwa miezi kama ni mchanga.

Pili, andika ulichokiona, si ulichokidhani. Usiandike, “Leo alikuwa mkaidi.” Andika, “Nilimwita mara tatu, hakugeuka.” Maneno hayo mawili ni mbali sana. Ukaidi hutafutiwa fimbo. Lakini mtoto asiyegeuka aitwapo huenda hasikii vizuri, na yafaa apelekwe kwa daktari mapema.

Tatu, ngoja uone kama jambo litarudi. Mara moja si tabia.

Nne, mwulize mtoto kwa upole, “Umejuaje?” Sikiliza jibu lote, wala usimcheke.

Tano, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa mwezi uliopita. Lakini ukiona anarudi nyuma, ameacha maneno au hatua alizokwisha kujua, usingoje.

Sisemi kwamba mtoto asionywe. Mtoto asiyefundishwa adabu nyumbani atafundishwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma. Nasema tu kwamba mkulima mwema hutazama jani kabla ya kuamua kama mmea wataka maji au wataka dawa. Mtoto naye anastahili kutazamwa hivyo.

Mwanangu yule sasa ana miaka minane. Juzi nilimimina tena maziwa katika gilasi ile ndefu, nikamwuliza. Akanitazama kama mtu amtazamavyo mzee aliyesahau mambo. “Baba,” akasema, “si ni yale yale?” Hakuna aliyempiga ili ajue hayo. Wakati wake ulikuwa umefika.