Ligi ya Mtaa: Pesa Ionekane, Mechi Ziendelee

Ligi nyingi za mtaa hazivunjwi na refa. Zinavunjwa na swali moja: pesa ya kiingilio iko wapi? Mhazini anasema timu fulani hazijalipa, makocha wanasema walituma kwa laini yake, na kabla msimu uishe timu zinaanza kujitoa.

Hebu tupige hesabu. Timu 8 zikikutana mara moja moja, ni mechi 28. Mkicheza 4 kila wikendi, mnamaliza kwa wikendi 7. Kila timu ikitoa Sh3,000, mna Sh24,000. Refa akilipwa Sh500 kwa mechi, anachukua Sh14,000. Zinabaki Sh10,000 za mipira, chokaa ya uwanja na kombe. Timu 2 zisipolipa, Sh6,000 hazipo, na kombe ndilo linaumia.

Simu mliyo nayo inatosha kuzuia hayo:

Jedwali moja la wote. Kwenye Google Sheets, tenga kurasa tatu: ratiba, msimamo na pesa. Makocha wote wapate linki ya kuangalia tu; wa kuandika wawe wawili. Historia ya jedwali huonyesha nani alibadilisha nini. Namba za simu za wachezaji zisiwekwe hapo.

WhatsApp ni ya matangazo. Weka linki ya jedwali kwenye maelezo ya grupu. Mechi ikiahirishwa kwa mvua, pigeni kura ya siku mpya hapo hapo.

Pesa isipitie laini ya mtu. Tumieni Paybill ya ligi, na jina la timu liandikwe kama namba ya akaunti. Malipo yakiingia, mnajua ni ya nani.

Picha ya skrini si risiti. Ujumbe wa malipo unaweza kuhaririwa. Mhazini athibitishe kwenye taarifa ya akaunti kwanza, kisha aandike namba ya muamala kwenye jedwali. PIN yake ni yake peke yake, hata mwenyekiti asiijue.

Jumapili jioni, linganisheni. Pesa iliyoingia, ukitoa iliyotumika, lazima iwe sawa na salio. Ikikosa kulingana, tafuteni tofauti usiku huo huo, kabla iwe fitina.

Rekodi hii inamlinda mhazini pia. Akiulizwa pesa iko wapi, anatuma linki tu.