Mashine za Kukatia Nyasi

Katika Mkoa wa Songwe mvua hunyesha kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili. Wakati huo nyasi hukua upesi, na wanafunzi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo huzikata kwa fyekeo. Je, umewahi kuona kwamba ukilipeleka fyekeo polepole nyasi hulala tu, lakini ukilipeleka kwa kasi hukatika? Likumbuke jambo hilo.

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa mwaka 1830 na Mwingereza aitwaye Edwin Budding. Katika kiwanda cha nguo aliona mashine iliyopunguza manyoya ya vitambaa vya sufu. Alifikiri kwamba visu vya namna hiyo vingeweza kukata nyasi pia.

Mashine yake ni ya silinda. Visu kadhaa vilivyopindwa hufungwa kuuzunguka mhimili, na chini yake huwekwa kisu kimoja kisichosogea. Mtu anapoisukuma mashine, magurudumu yake huzungusha magurudumu madogo yenye meno, nayo huzungusha silinda kwa kasi zaidi. Kila kisu kinaposhuka huzibana nyasi kwenye kisu kisichosogea na kuzikata kama mkasi. Kwa hiyo mashine hii huweza kufanya kazi bila petroli. Nyasi ndefu, hata hivyo, huishinda, kwa sababu huzilaza kabla ya kuzikata.

Aina ya pili ina kisu kimoja bapa kilicholazwa chini ya kifuniko cha chuma au plastiki. Injini ya petroli au mota ya umeme hukizungusha kama mara 3,000 kwa dakika. Hapa hakuna kisu cha pili cha kuzibana nyasi. Hukatwa kwa kasi peke yake, kabla hazijapata nafasi ya kuinama. Kwa kweli, hili ni fyekeo linalozunguka! Sehemu za kisu karibu na ncha zimeinuliwa kidogo. Huvuta hewa kwenda juu, nazo nyasi zilizolala husimama zikakatwa.

Iko pia mashine ndogo ya kubeba begani, ambayo hukata kwa kamba ya nailoni inayozunguka upesi sana. Hufaa kando ya mitaro na kuta. Lakini penye mawe mengi au mteremko mkali, kama milima ya Ileje, fyekeo lililonolewa vizuri kwa tupa bado ni zana bora.

Kasi inayokata nyasi huweza pia kumwumiza mtu. Jiwe au kipande cha waya kikigongwa na kisu hurushwa mbali kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo uwanja huokotwa mawe kwanza, mwendeshaji huvaa viatu vigumu, na watoto hukaa mbali. Tena, nyasi zikikwama, mwendeshaji huzima injini na kuchomoa waya wa plagi kabla ya kugusa kisu. Kisu na injini vimeunganishwa: ukikizungusha kisu kwa mkono, injini nayo huzunguka, na ikiwa waya haujachomolewa huweza kuwaka.