Ng'ombe Aliyekufa Tumbo Limevimba: Gesi au Kimeta?

Mfugaji anapomkuta ng'ombe wake amekufa zizini huku tumbo limevimba, mara nyingi hudhani kuwa ameuawa na gesi. Kwa kuwa hasara ni kubwa, mzoga huchunwa na nyama hugawanywa au kuuzwa kwa bei nafuu. Siku chache baadaye, baadhi ya walioshika nyama hiyo hufika kituo cha afya wakiwa na vidonda. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua tatizo la gesi, na kwa nini uvimbe unaoonekana baada ya kifo haupaswi kuaminiwa.

Tumbo la kwanza la ng'ombe, yaani rumeni, lina uwezo wa kubeba zaidi ya lita 100. Ndani yake vijidudu huchachusha majani na kutoa gesi nyingi, ambayo mnyama huitoa kwa kubeua. Njia hiyo ikizibwa, kwa mfano na kiazi au embe lililokwama kooni, gesi hujikusanya. Vilevile, ng'ombe mwenye njaa akila kwa wingi lusini changa au majani mengine ya jamii ya kunde, hutokea povu zito linaloifunga gesi isiweze kutoka.

Dalili huanza mnyama akiwa hai. Upande wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, hutuna na kutoa mlio kama wa ngoma ukigongwa. Mnyama huacha kula na kucheua, hupiga tumbo kwa mguu, na hupumua kwa shida kwa sababu rumeni inayasukuma mapafu. Anaweza kufa katika muda wa saa chache.

Mwondoe kwenye malisho, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu zaidi, kisha mwite mtaalamu wa mifugo bila kuchelewa. Mtaalamu hupitisha mpira tumboni ili kutoa gesi, au huweka mafuta ya kula kuvunja povu. Kumnywesha kwa nguvu kunaweza kupeleka mafuta mapafuni. Kutoboa tumbo ni hatua ya mwisho na inahitaji mkono uliofundishwa. Kinga ni rahisi zaidi: mpe nyasi kavu kwanza kabla ya majani mabichi ya jamii ya kunde, na katakata viazi na matunda.

Ama mnyama aliyekutwa amekufa ghafla, hukumu yake ni nyingine. Mzoga wowote huvimba, na ule wa kimeta huvimba upesi. Kimeta husababishwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis, na huweza kumuua ng'ombe kabla dalili yoyote haijaonekana. Damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa ni ishara nzito, lakini kutokuwepo kwake si uthibitisho wa usalama. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hukutana na hewa na kujigeuza kuwa spora, yaani mbegu ngumu zinazoweza kudumu udongoni kwa miongo kadhaa. Kuchemsha nyama kwa namna ya kawaida ya jikoni si kinga ya kutegemewa.

Kwa hiyo, usiuchune mzoga huo wala kuupasua. Wazuie watoto na mbwa, kisha mjulishe afisa mifugo, ambaye atasimamia uchunguzi na namna ya kuuteketeza au kuufukia katika shimo refu. Mnyama anayeumwa naye asiwahiwe kwa kisu ili kuokoa nyama. Chanjo ya kila mwaka ndiyo ngao ya maeneo ambako kimeta hujirudia, ikiwemo sehemu za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.

Kwa binadamu, kimeta cha ngozi ndicho kinachoonekana zaidi. Huanza kama kipele kinachowasha, huwa lengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati na uvimbe pembeni. Kwa kawaida hakiumi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Usikikamue wala kukichanja. Aliyekula nyama hiyo anaweza kutapika, kuumwa sana tumbo au kuhara damu. Aliyeigusa au kuila afike kituoni hata kabla ya dalili, na aseme wazi alichokigusa.

Mhudumu wa afya naye aulize: je, umechuna au kula mnyama aliyekufa mwenyewe? Akishuku kimeta, achukue sampuli, aanze dawa za kuua bakteria kwa kufuata mwongozo bila kusubiri majibu, na atoe taarifa mara moja kwa idara ya afya na ya mifugo. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema, karibu wagonjwa wote hupona. Hasara ya ng'ombe mmoja ni chungu, lakini ikomee kwa ng'ombe.