Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza, Ukiwa Kilindoni

Wilaya ya Mafia haina chuo kikuu. Kijana wa Kilindoni au Kirongwe anayetaka masomo ya juu hupanda boti au kivuko hadi Nyamisati, kisha gari kupitia Kibiti hadi Dar es Salaam, na huko ndiko hesabu za kodi ya chumba, nauli na chakula huanza. Kwa muuguzi aliye kazini, mwalimu wa chekechea au mama mwenye watoto wadogo, kuhama namna hiyo mara nyingi hakuwezekani. Kwa watu kama hao kozi ya mtandaoni si anasa. Na saikolojia ya mwaka wa kwanza ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa kuwa haidai maabara wala hesabu nzito, na mambo inayochunguza yamo katika kila nyumba: kujifunza, kukumbuka na kusahau, kulea, kuogopa, kuugua.

Njia ziko mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni kujisajili chuoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa, na saikolojia imo hasa katika masomo ya ualimu. Mwanafunzi husoma akiwa nyumbani, ingawa mitihani humtaka afike kituoni. Kituo cha mkoa wa Pwani kiko Kibaha. Bahari ataivuka, ila mara chache.

Njia ya pili ni ya bure. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimeweka mtandaoni mihadhara 20 ya utangulizi wa saikolojia iliyotolewa na Paul Bloom mwaka 2007, na chuo cha MIT, cha nchi hiyohiyo, kimeweka ya John Gabrieli. Shirika la OpenStax lina kitabu kizima cha saikolojia ambacho yeyote anaruhusiwa kukipakua bila kulipa. Maarifa ya njia hii ni ya chuo kikuu, lakini hayampi mtu shahada. Hata cheti cha kulipia cha kozi fupi hakilingani na mwaka wa masomo chuoni, na anayefikiria shahada ya nje aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama inatambuliwa.

Kikwazo cha kila siku ni bando. Video ya saa moja hula mamia ya MB, na simu nayo inataka chaji katika kisiwa ambacho kwa miaka mingi umeme wake umetegemea majenereta ya dizeli. Anayepanga vizuri hapotezi bando kwa kutazama sura ya mhadhiri. Mihadhara ya Yale inapatikana pia kwa sauti tupu na kwa maandishi, na kitabu kikishapakuliwa mara moja kinasomeka bila mtandao. Lugha ni Kiingereza, tena cha kitaalamu, kwa hiyo wiki za mwanzo huenda polepole.

Anayevumilia wiki hizo atakutana na jambo ambalo huenda hakulitarajia: Afrika Mashariki imo ndani ya somo lenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na kuanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyolia, wanavyomfuata mama na wanavyotulia anaporudi. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anazielewa ishara zake haraka alikuwa na utulivu wa kutambaa mbali kidogo na kuchunguza vitu. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Nadharia ya kufungamana kwa mtoto na mlezi, ambayo leo hufundishwa karibu kila chuo duniani, ina mizizi katika nyumba za Waganda kabla ya kupelekwa Baltimore, Marekani.

Mifano ya aina hiyo, hata hivyo, ni michache mno. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alikagua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani na kukuta kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Mwanafunzi wa Mafia akisoma kwamba "binadamu hufanya hivi", ana haki ya kuuliza ni binadamu gani hao.

Jibu moja limetoka mkoani kwake mwenyewe, Pwani. Wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao, waliwapima watoto wa shule za karibu na Bagamoyo kwa maswali ya kufikiri, na matokeo waliyachapisha mwaka 2002. Hawakuishia kwenye alama za mtihani wa kwanza. Watoto walifundishwa kwa muda usiozidi saa moja namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda waziwazi, zaidi ya za wenzao ambao hawakufundishwa. Maana yake ni nzito kwa mwalimu yeyote wa kijijini: alama ya chini inaweza kuonyesha tu kwamba mtoto hajawahi kuona swali la namna hiyo, na mtu akamwita mzito wa akili bure. Kama kozi nzima ingemwachia mwalimu wa kisiwa cha Jibondo, humohumo Mafia, jambo hili moja, ingekuwa imemfaa.

Sura ya kumbukumbu ina faida ya papo hapo, kwa kuwa inamfundisha msomaji namna ya kuisoma kozi yenyewe. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtoto wa madrasa anayefunga msahafu na kumsomea mwalimu kwa moyo anafanya zoezi hilohilo, na anayesoma saikolojia Kilindoni anaweza kulihamishia kwenye masomo yake mapya bila kusubiri ushauri wa mtu: asome kurasa kumi, afunge simu, aeleze kwa sauti.

Sura ngumu zaidi huwa ya maradhi ya akili. Vitabu hueleza msongo, sonona na skizofrenia kwa dalili na tiba za hospitali. Kisiwani watu wana maelezo mengine pia, ya mashetani, ngoma zao na waganga wao, na yamekwisha kuandikwa kitaaluma: mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, akarudi mara nyingi kwa miongo iliyofuata na kuchapisha vitabu na makala kuhusu ukoo, ardhi na mashetani hao. Mwanafunzi hana haja ya kuchagua kudharau upande mmoja. Muuguzi aliyesoma sura hiyo atatambua mapema mgonjwa anayehitaji dawa na rufaa, na kwa kuwa anaifahamu lugha ambayo familia inaitumia kueleza ugonjwa huo, atajua pia maneno ya kuanzia anapowaomba wamlete hospitali ya Kilindoni kabla hali haijawa mbaya.